Anayelinda msitu naye alipwe: barua ya wazi kwa Bunge la Kaunti ya Kwale

Kwa Waheshimiwa Wawakilishi Wadi,
Bunge la Kaunti ya Kwale.

Waheshimiwa,

KUH: GHARAMA YA KULINDA MISITU NA WANYAMA WA KWALE

Mimi ni mkulima wa upande wa Mkongani, na shamba langu haliko mbali na uzio wa Hifadhi ya Shimba Hills. Ninawaandikia kuhusu hesabu. Kulinda misitu na wanyama wa kaunti hii kuna gharama, gharama hiyo inalipwa kila msimu, na wanaoilipa ni wakulima na wavuvi ambao hawajawahi kuonekana katika bajeti yoyote. Faida nayo ipo, tena nono, ila inapita mbali na milango yao. Nawaomba mlirekebishe jambo hili, na kabla sijamaliza nitasema kwa njia gani.

Nianze na gharama, maana hiyo ndiyo isiyotajwa kwenye warsha za hotelini. Mahindi yakishabeba, huku kwetu mtu halali kitandani. Analala dunguni, debe bovu pembeni, kurunzi mkononi, na chini yake moto wa mavi ya ng'ombe yaliyochanganywa na pilipili kavu ili moshi uwakere ndovu. Uzio wa umeme upo, lakini ndovu si mjinga: huangusha mti juu ya waya, kisha hupita. Hasikiki akija. Unachosikia kwanza ni mahindi yakivunjika upande wa pili wa shamba. Ukipiga debe, dume mgeni hugeuka. Aliyezoea hukutazama, akaendelea kula. Asubuhi unahesabu mistari iliyobaki, na miche ya minazi iliyong'olewa ikiwa imetafunwa kiini tu. Mchana ni zamu ya nyani na kima, na zamu hiyo ni ya akina mama na watoto. Alfajiri watoto wa shule hawaendi mpaka apatikane mtu mzima wa kuwasindikiza.

Hayo yote ni pesa, Waheshimiwa, ingawa hakuna risiti. Usingizi wa mkulima ni kibarua cha kesho alichokikosa. Mtoto anayelinda nyani ni vipindi vya shule vilivyopotea. Shamba ambalo mwenyewe ameamua kutolipanda tena, kwa kuwa anajua nani atavuna, ni mavuno ambayo afisa wa kilimo hatayaona katika takwimu zake kwa sababu hayakuwahi kuwepo. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Nairobi, na hata Ukunda, mzigo wetu unaonekana mwepesi.

Sheria inatutambua, kwenye karatasi. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 inasema aliyeuawa na mnyama, jamaa zake walipwe shilingi milioni 5. Aliyepata ulemavu wa kudumu, milioni 3. Aliyejeruhiwa, hadi milioni 2. Mazao yaliyoharibiwa nayo yana fidia. Ila dai hutoka kijijini likaenda kwenye kamati ya kaunti, kisha likapanda wizarani, na nchi nzima madai yamelimbikizana kwa miaka. Fidia inayofika baada ya mdai kuuza mbuzi wake wote, na pengine baada ya mdai mwenyewe kufariki, haimsaidii aliyepata hasara. Kwa wakati wote huo, mkulima ndiye aliyeikopesha serikali bila riba.

Pesa za wanyama hupatikana zinapotakiwa. Mwaka 2005 ndovu walipozidi Shimba Hills, serikali ilipanga kuwahamisha 400 hadi Tsavo Mashariki, kwa malori na korongo za kunyanyulia, kazi iliyogharimu mamilioni ya dola. Silaumu hilo; lilihitajika. Nasema tu kwamba bajeti ya kumsafirisha ndovu ilipatikana, na ya kumlipa aliyeishi naye haijawahi kupatikana kwa wakati.

Sasa tutazame faida. Shimba Hills ilitangazwa hifadhi mwaka 1968, na ndipo mahali pekee nchini Kenya ambapo palahala bado wanaishi porini. Hesabu ya taifa ya wanyamapori ya 2021 iliwakuta makumi, si mamia. Wakiisha hapa, wameisha Kenya. Lakini palahala si faida kubwa ya msitu huu, wala si viingilio vya lango lake. Faida kubwa ni maji. Chemchemi za Marere zimekuwa zikiipelekea Kwale na Mombasa maji tangu enzi za mkoloni. Mto Mkurumudzi unaanzia kwenye vilima hivi hivi, ukanywesha miwa, ukajaza bwawa lililojengwa kwa ajili ya mgodi, ukamwagika kwenye ghuba ya Gazi panapoota mikoko. Na kule Diani, mgeni anayelala hotelini ameuziwa bahari, mchanga mweupe, na mbega anayevuka barabara juu ya ngazi za kamba. Hoteli inatoza, dereva anatoza, mwenye boti anatoza. Anayekesha dunguni Mkongani hatozi chochote, na ndiye anayefanya msitu ubaki msitu.

Hapo ndipo penye kosa la hesabu. Kila mara tukidai haki yetu tunajibiwa kwa lango: watalii wa Shimba Hills ni wachache, mapato ni kidogo, hakuna cha kugawana. Jibu hilo ni kweli na halitoshi. Thamani ya Shimba haipiti langoni. Inapita kwenye bomba la maji na kwenye vitanda vya Diani. Ukikaa langoni kuingojea, utakufa maskini ukiwa na ndovu mlangoni.

Tunalo somo la jambo hili kaunti hii hii, nalo ni Mwaluganje. Miaka ya 1990 wakulima wa Golini na Mwaluganje walikubali jambo ambalo wachache duniani wangelikubali: waliweka mashamba yao pamoja, wakaacha kulima, ndovu wakapata njia kati ya Shimba Hills na msitu wa Mwaluganje. Kila mwenye ardhi akawa mwanahisa, na gawio likawa linatoka kwenye viingilio vya wageni. Hata kinyesi cha ndovu kiligeuzwa karatasi za kuuza. Mwanzoni watu walipata zaidi kuliko walivyopata kwenye mahindi. Kisha zikaja ghasia za Likoni za Agosti 1997, na kila baada ya miaka kadhaa likaja jingine: ilani za safari za mataifa ya nje, kisha korona mwaka 2020. Kila mtalii alipokosekana, gawio lilinywea. Ndovu hawakunywea. Haikushangaza kwamba baadhi ya wanahisa walianza kuuliza kama hawawezi kurudishiwa mashamba yao. Wazo la Mwaluganje lilikuwa jema na watu wake walikuwa waaminifu. Kilichowaangusha ni kutegemea mfuko mmoja wa pesa, nao ulikuwa mwepesi kuliko yote.

Linganisheni na Gazi. Mwaka 2013 vijiji vya Gazi na Makongeni vilianzisha Mikoko Pamoja, mradi wa kwanza duniani wa jamii kuuza hewa kaa kutokana na mikoko. Ni hekta 117 tu za msitu wa serikali, ambao jamii inausimamia kwa makubaliano na Shirika la Huduma za Misitu. Wanauza takriban tani 3,000 kwa mwaka. Pesa zenyewe si za kutisha, ni maelfu kumi na kitu ya dola, lakini mambo mawili yanazifanya ziwe na nguvu. Hazitegemei mgeni kushuka kwenye ndege. Na zinapoingia, matumizi yake yanaamuliwa barazani, mbele ya watu: maji ya bomba, vitabu vya shule, upanzi wa miche. Mama anayechota maji anajua yametoka kwenye mkoko gani. Hapa msumeno ulikuwa umeshapita miaka ya nyuma, na taasisi ya utafiti wa bahari, KMFRI, ilianza kupanda upya miaka ya 1990 kwenye matope yaliyokuwa matupu. Leo mtu akikata mkoko usiku, wa kwanza kumkamata ni jirani yake. Mwaka 2019 Vanga, Jimbo na Kiwegu walifuata kwa mradi wao wenyewe. Mkitaka kujua kama watu wa Kwale wanaweza kulinda mali ya umma, jibu liko huko. Wanaweza, wakiwa na mkataba, malipo na daftari lililo wazi.

Najua kuna mtakaosema kwamba wazee wetu walilinda kaya bila kulipwa senti. Ni kweli, na ndiyo maana mwaka 2008 kaya za Mijikenda ziliingia katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, Kaya Kinondo ikiwa miongoni mwake. Lakini tusiwasifu wazee kwa nusu ya habari. Walikuwa na mamlaka. Aliyekata mti alitozwa mbuzi, na hakukuwa na ofisi ya mbali ya kumtengulia faini. Msitu ulikuwa wao. Tulipougeuza kuwa wa serikali tukawaondolea mamlaka, na hatukuwapa kitu badala yake. Kinondo wenyewe wameliona hilo: mgeni leo hufungwa kaniki kiunoni, huongozwa na mtoto wa kijijini, hulipa, na pesa hiyo huingia kwenye miradi ya kijiji. Heshima ya kaya imebaki pale pale. Kisiwa cha Chale, ambacho nacho kilikuwa mahali patakatifu pa Wadigo, leo kina hoteli.

Chale inanipeleka kwenye upande wa pili wa hoja yangu, na hapa naomba mnisome polepole, kwa sababu hoja ya pesa ni kisu chenye makali kuwili. Nikisema msitu ulindwe kwa kuwa una faida, atakuja mtu mwenye faida kubwa zaidi. Mlima Mrima, kule Lunga Lunga, una niobi na madini adimu ambayo mataifa makubwa yanayatafuta kwa tochi. Vilevile ni msitu wa serikali, na ni kaya. Kampuni ya Cortec ilipewa leseni ya kuchimba mwaka 2013, na mwaka huo huo serikali ikaifuta. Kampuni ikaishtaki Kenya mbele ya jopo la usuluhishi wa uwekezaji, ICSID, Washington, ikidai zaidi ya dola bilioni 2. Oktoba 2018 jopo liliitupa kesi. Sababu haikuwa kwamba ndege na miti ya Mrima ina thamani kuliko niobi. Sababu ilikuwa kwamba leseni ilitolewa bila kufuata sheria ya mazingira, mahali palipokuwa pamelindwa kisheria. Tangazo la kale la kuulinda mlima huo katika Gazeti la Serikali, ambalo wengi waliliona karatasi tu, ndilo lililoiepusha nchi deni la mabilioni.

Kwa hiyo nasema mambo mawili, nayo yaende pamoja. Ardhi ya umma isiwekwe sokoni. Kifungu cha 62 cha Katiba kinaitaja misitu ya serikali, mbuga na vyanzo vya maji kuwa ardhi ya umma, inayoshikiliwa kwa niaba ya wananchi. Lakini kazi ya kuilinda, hiyo ilipiwe, na ilipiwe na anayefaidi. Kifungu cha 69 kinaitaka serikali ihakikishe manufaa ya maliasili yanagawanywa kwa usawa. Sheria ikisimama bila malipo, watu huvunja ua usiku. Malipo yakisimama bila sheria, mwenye pesa nyingi hununua ua wote mchana.

Wala hatuombi ajabu. Uganda sheria inatenga asilimia 20 ya viingilio vya mbuga kwa jamii zinazopakana nazo. Rwanda ilianza na asilimia 5 mwaka 2005, ikapandisha hadi 10 mwaka 2017. Kwa ndugu zetu wa Unguja, wakulima wa Jozani ambao kima punju huwalia mazao wamewahi kulipwa kutokana na pesa za watalii wanaokuja kumwona kima huyo huyo. Hapa nyumbani, Maasai Mara ni hifadhi ya taifa kama Shimba Hills ilivyo, lakini inasimamiwa na Kaunti ya Narok, na viingilio vyake ni mhimili wa mapato ya kaunti hiyo. Shimba Hills inasimamiwa na Shirika la Huduma za Wanyamapori, KWS, pamoja na Shirika la Huduma za Misitu. Sidai funguo za lango zikabidhiwe kaunti kesho. Nimekwisha sema lango si kubwa. Nadai Kwale ikae mezani. Na kwa upande wa maji, tangu 2015 kuna Mfuko wa Maji wa Tana ya Juu, ambapo kampuni ya maji ya Nairobi, kampuni ya umeme ya KenGen na viwanda huchangia wakulima wa mlimani wanaoutunza udongo, kwa sababu ni nafuu kumlipa mkulima kuliko kuzoa tope bwawani. Kama Nairobi inaweza kumlipa mkulima wa Murang'a, Mombasa inaweza kumlipa wa Kubo huku kwetu.

Waheshimiwa, ninayowaomba ni haya.

Kwanza, undeni kwa sheria ya kaunti Mfuko wa Uhifadhi wa Kwale. Sheria ya Madini ya 2016 inaipa kaunti asilimia 20 ya mrabaha, na jamii asilimia 10. Base Titanium, kampuni ya mgodi wa hapa Kwale, ilisimamisha uchimbaji Desemba 2024. Kilichochimbwa hakirudi ardhini. Sehemu ya pesa za mrabaha zilizofika na zitakazofika iwekwe kwenye mfuko huu, pamoja na sehemu ya ada za leseni ambazo kaunti hukusanya kwenye hoteli za Diani. Mali inayoisha ilipie mali isiyoisha.

Pili, ingieni katika mazungumzo na kampuni za maji na serikali ya Mombasa ili maji ya Marere yabebe ada ndogo ya kulinda chanzo. Senti chache kwa kila lita elfu hazitamuumiza mnywaji wa Mombasa. Pesa hizo zilipe kodi ya mwaka kwa mwenye shamba anayeacha njia ya ndovu wazi, Mwaluganje wakiwa wa kwanza, mvua inyeshe au watalii wakose.

Tatu, daftari la madai ya fidia libandikwe katika kila ofisi ya wadi: nani amedai, lini, dai limefika wapi. Madai madogo ya mazao yalipwe na mfuko wa kaunti papo hapo, kisha kaunti ndiyo ikafuatane na wizara. Kaunti ina mawakili. Mkulima hana nauli. Na kwa kuwa kinga ni nafuu kuliko fidia, mfuko ununue mizinga. Sagalla, kwa jirani zetu wa Taita Taveta, uzio wa mizinga ya nyuki umewafukuza ndovu na kuwapa watu asali ya kuuza.

Nne, itisheni hesabu za lango la Shimba Hills na za hifadhi ya bahari ya Kisite-Mpunguti, ambayo wavuvi wa Shimoni, Wasini na Mkwiro waliiachia maji yao ya kuvulia tangu miaka ya 1970. Zikishawekwa hadharani, jadilianeni na KWS mgao ulioandikwa.

Tano, kamilisheni rejista ya ardhi ya umma ya Kwale: kila kaya, kila msitu, kila bandari ya wavuvi, kila njia ya kushukia ufukweni Diani, na ardhi ya mgodi ya Maumba na Nguluku. Ipelekwe Tume ya Kitaifa ya Ardhi, na nakala ibandikwe. Kinachonyakuliwa kwanza ni kile ambacho hakimo kwenye orodha ya mtu yeyote.

Mtaniambia bajeti ni finyu. Ni finyu, nami sijaomba shilingi isiyo na chanzo. Kila ombi la pesa hapo juu nimelitaja pamoja na mfuko wake. Mtaniambia pia kwamba wanyamapori ni jukumu la serikali kuu. Ni kweli, lakini wapiga kura wanaokesha dunguni ni wenu.

Kwa mujibu wa sheria, makadirio ya bajeti hufika mezani kwenu kufikia tarehe 30 Aprili, na kabla ya kuyapitisha ni lazima mtusikilize. Kikao kimoja cha maoni ya umma kifanyike Mkongani, na kingine Golini, badala ya kutuita sote mjini Kwale. Tutakuja na daftari letu la hasara, wadi kwa wadi, msimu kwa msimu. Nanyi njooni na rasimu ya mfuko, yenye tarakimu.

Wenu katika kuijenga Kwale,

Mkulima, Mkongani.